Mwenye Laini Amefariki: Pesa Zake Zitatolewaje?

Baba amefariki Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi watu wanaanza kufika matanga, hema bado halijalipiwa, na simu ya baba iko mezani. Kijana wake anajua PIN. Ndani kuna shilingi elfu themanini. Atoe, asitoe?

Jibu letu ni fupi: asitoe.

Kwa nini asitoe?

Mtu akifariki, salio lake linakuwa sehemu ya mirathi, sawa tu na shamba, ng'ombe au pesa za benki. Sheria ya Urithi (Sura ya 160), kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na bado utadaiwa ulichochukua.

"Lakini zilikuwa za mazishi!" Huenda ni kweli. Ila taarifa ya akaunti huonyesha siku, saa na kiasi, na cheti cha kifo huonyesha tarehe. Dada aliye mbali au mama wa pili akiziweka karatasi hizo mbili pamoja, hapo ndipo kesi za familia huanza. Lipeni mazishi kwa michango na mweke risiti. Sheria inatambua gharama za mazishi zinazofaa, na hutolewa kwenye mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana.

Njia ya halali

1. Chukueni cheti cha kifo.
2. Mwendeeni chifu awape barua inayotaja mke au waume, watoto na wategemezi wote. Msimwache mtu nje. Aliyefichwa anaweza kurudi mahakamani na kufanya kibali kifutwe.
3. Pelekeni ombi mahakamani. Kukiwa na wosia, anayeomba ni msimamizi aliyetajwa humo. Kama hakuna, familia inachagua wa kuomba, mara nyingi mjane au watoto. Kwa Waislamu, mgao hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inaweza kusikiza suala hilo.
4. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30.
5. Mahakama hutoa kibali. Kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya kibali kuthibitishwa na mali kugawanywa.

Msimamizi akituletea kibali, cheti cha kifo na kitambulisho chake, hapo tunaweza kuzungumza kuhusu salio. Kumbukeni kwamba msimamizi si mwenye mali. Anazishika pesa kwa niaba ya warithi wote, na madeni ya marehemu hulipwa kwanza, pamoja na mkopo wa simu.

Wewe uliye hai, fanya hivi leo

Wosia si wa matajiri peke yao. Uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu. Wosia wa mdomo pia unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa raia wa kawaida unafaa tu kama atafariki ndani ya miezi mitatu baada ya kuutamka.

Andika pia orodha ya laini zako, chama chako, akaunti zako na madeni yako, kisha umwambie mtu unayemwamini ilipo. PIN usiiandike popote. Familia yako haitaihitaji. Wanachohitaji ni kujua pesa ziko wapi, kwa sababu pesa ambazo hakuna anayejua ziko wapi hazidaiwi na mtu.