Kusoma Upepo wa Ziwa Nyasa Kabla ya Kushusha Mtumbwi

Mkoa wa Njombe una ufukwe wake. Wengi wanaujua kwa viazi vya Uwemba na baridi ya Juni, lakini upande wa Ludewa mkoa unaishia majini: Lumbila, Lupingu, Manda, vijiji vilivyobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Mwongozo huu ni wa watu wa huko, na wa mfanyabiashara anayeshuka na magunia kutoka juu kisha akapanda boti.

Kwanza, tafuta utabiri wa ziwa, usitumie wa mji. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukifungua simu Uwemba itakupa hali ya hewa ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali maji ya Nyasa yako kwenye mita 470 hivi. Utulivu wa asubuhi mlimani haukuambii lolote kuhusu mawimbi ya Lupingu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa pia utabiri wa maziwa. Fuata sehemu inayotaja Ziwa Nyasa. Kwenye programu ya simu, weka alama katikati ya maji, mbele ya kijiji chako.

Pili, angalia upepo unatoka wapi, kwa kasi gani, saa ngapi. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini hupanda ziwa hili lenye urefu unaozidi kilomita 550, na mawimbi hukua kadiri yanavyosafiri. Kwa hiyo mtu wa Lumbila, kaskazini mwa ziwa, anaweza kupigwa na mawimbi yaliyoanzia mbali hata kama upepo wa kwake ni wa wastani.

Kasi nayo haihesabiwi kama bei ya viazi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma mara nne ya ule wa kilomita 20. Programu ikiandika kt, kt 10 ni kilomita 18.5 kwa saa. TMA ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 na mawimbi ya mita 2, mtumbwi ubaki mwaloni, hata kama samaki wa usipa wamejaa. Julai 30, 1946, MV Vipya ilizama katika ziwa hili kwenye upepo mkali, na watu 145 wakafa. Hiyo ilikuwa meli.

Tatu, tazama mwenyewe. Utabiri hauoni kila bonde. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani kuelekea ziwani, mchana upepo ukageuka. Mvuvi anayetoka usiku na taa hupelekwa kirahisi. Kazi iko kwenye kurudi akipiga kasia dhidi ya upepo wa mlimani. Basi pima safari kwa nguvu za kurudi.

Ukiwa majini, angalia mbali. Maji yakianza kuonyesha mstari mweusi unaosogea, upepo unakuja, na nyuma ya mstari huo utaona povu jeupe juu ya mawimbi. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, wingu jeusi likitanguliwa na hewa ya baridi ya ghafla, usingoje tone la kwanza. Elekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama si kwenu.

Nne, weka mpaka kabla ya kuondoka. Kubalianeni mkiwa bado mchangani: povu jeupe likionekana pande zote, tunarudi. Mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe.

Viongozi wa vijiji vya ufukweni, tafadhali wekeni ubao pale mwaloni, na mtu mmoja aandike kila jioni upepo wa ziwa wa usiku na wa kesho: mwelekeo, kasi, saa. Chaki inatosha, na asiye na simu naye atasoma.