Kutoka Ukonga hadi Moshi kwa kuonja vyakula vya wenyeji

Mkazi wa Ukonga hahitaji kwenda mbali ili aanze. Barabara ya Pugu ikishapita Gongo la Mboto inakufikisha Kisarawe, kwa Wazaramo, ambako kisamvu cha nazi kinapikwa na watu waliokizoea tangu utotoni. Kiagize kwa mama lishe, ukile na muhogo au wali. Ukitaka kukipika nyumbani, usikiharakishe: majani mabichi ya muhogo yana sumu, na ni kuyatwanga vizuri na kuyachemsha kwa muda mrefu kunakoiondoa.

Kwa safari ndefu, mabasi ya mikoani yanaondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka Ukonga unaweza kupitia Kinyerezi na Malamba Mawili bila kuingia mjini. Ukikata tiketi ya moja kwa moja hadi Moshi utakula pale tu basi linaposimama, tena kwa haraka, na mara nyingi ni chipsi kuku uliyoiacha kwenu Ukonga. Bora ukate safari vipande: tiketi ya kwanza iishie Tanga, ya pili Same, ya tatu Moshi.

Tanga ulizia bada, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Fika mchana, samaki wakiwa wametoka jikoni.

Same ni Upareni, na Upareni ni makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage huchemshwa pamoja kwa saa nyingi mpaka vyote vilainike, kisha huungwa kwa vitunguu na mafuta, kwingine kwa maziwa. Sahani moja inakushibisha mpaka jioni kwa bei ndogo, na kwangu mimi hakuna chakula cha safari kinachokizidi hiki. Hakipikwi kwa kushtukiza, kwa hiyo ulizia mapema ni nani kakipika siku hiyo.

Moshi lala usiku mmoja, maana mtori unanoga asubuhi. Ni ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama ya mifupa, zikapondwa mpaka zikawa supu nzito. Wachaga humpa mzazi aliyejifungua ili apate nguvu. Mchana jaribu kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, au machalari, ndizi na nyama. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mwachie asiyeendesha gari.

Mwenye siku za ziada arudi kupitia Arusha, Babati na Kondoa hadi Dodoma, ale mlenda kwa ugali wa uwele au mtama. Mlenda mkavu unauzwa sokoni na hauharibiki njiani, kwa hiyo nunua wa nyumbani. Kutoka Dodoma panda treni ya umeme, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Unapokata tiketi uliza kama treni yako inasimama Pugu, kwani ikisimama huna haja ya kufika katikati ya jiji ndipo urudi Ukonga.

Popote utakapokula, chagua chungu kinachofuka mvuke, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, na beba maji yako ya kunywa. Wali uliopoa tangu asubuhi uache, hata kama basi linapiga honi. Na ukipenda ulichokula, mwulize aliyekipika namna ya kukipika. Wengi watakueleza kwa furaha.