Utunzaji wa Makaburi ya Jamii: Udongo Kwanza, Vigae Baadaye

Mfiwa ni mteja aliye rahisi kupotoshwa. Huzuni humharakisha, naye hutamani marehemu wake apate kaburi la heshima kabla ya arobaini. Hatumlaumu, hata hivyo, yatupasa kumshauri asubiri.

Udongo uliorudishwa kaburini huwa haujashikamana. Mvua huushindilia, na jeneza nalo huoza na kubonyea, hata juu kukadidimia. Zege iliyomwagwa wiki chache baada ya mazishi hukosa mahali pa kuegemea. Hupasuka, vigae vikaachia, na fedha za familia zikapotea. Kwa hiyo, acha upite walau msimu mmoja wa mvua kubwa. Katika kipindi hicho, ongeza udongo kila unapodidimia na uchimbe kijifereji upande wa juu wa mteremko ili maji yasituame.

Wakati wa kujengea ukifika, andikianeni mkataba na fundi. Utaje vipimo, aina ya vifaa, bei na siku ya kumaliza. Lipa kwa awamu, dai stakabadhi, na sehemu ya mwisho uilipe baada ya kuikagua kazi. Wale ambao imani yao haiwaruhusu kujengea, wanahitaji alama imara tu.

Kuhusu eneo zima, tunashauri nyasi zifyekwe, zisichomwe moto, kwa kuwa moto huteketeza misalaba na vibao vya mbao. Miche ya miti mikubwa ing'olewe ingali midogo, maana mizizi yake huinua na kupasua makaburi. Vyombo vya maua vijazwe mchanga, visije vikawa mazalio ya mbu.

Lililo muhimu kuliko yote ni daftari. Kila kaburi liandikwe jina la marehemu, tarehe ya maziko, namba ya safu na ya kaburi, pamoja na jina na simu ya ndugu. Nakala moja ikae kwa msimamizi wa makaburi, nyingine katika ofisi ya mtaa au kijiji. Kibao cha mbao huliwa na mchwa. Kigingi cha zege chenye namba hudumu.

Hapa kwetu Tanzania, ardhi yenye makaburi ikihitajika kwa matumizi ya umma, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka itolewe notisi kabla ya kuhamisha. Lakini kaburi lisilo na alama wala kumbukumbu, ni nani atakayejitokeza kulisemea? Wengi hugundua upotevu huo siku wanaporudi kumzika mzazi wa pili kando ya wa kwanza, wasipaone mahali.

Basi, kabla ya kumwendea fundi wa vigae, nenda kaulize: je, jina la marehemu wetu limo daftarini?