Jarida la Nadharia ya Muziki na Hesabu ya Wasomaji Wake

Katika mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, kwaya ni sehemu ya maisha ya kanisa na ya shule. Wanakwaya wengi husoma nyimbo kwa mtindo wa solfa, yaani kwa herufi d, r, m, f, s, l na t, ambazo zinawakilisha sauti saba za ngazi ya muziki. Hata hivyo, ni wachache kati yao waliowahi kusoma makala ya kitaaluma inayoeleza kwa nini sauti fulani hupatana, au jinsi mapigo ya ngoma yanavyopangwa. Elimu hiyo huitwa nadharia ya muziki, na kwa muda mrefu imekuwa ikihifadhiwa katika majarida yanayochapishwa ng'ambo.

Siku hizi baadhi ya majarida hayo yanapatikana bila malipo kwa njia ya intaneti. Mlango umefunguliwa. Swali linalobaki ni nani anayeingia, na tunda la kuingia kwake hujulikanaje. Makala hii inaeleza jinsi jarida la aina hiyo lilivyoanza, jinsi wasomaji wake wanavyohesabiwa, na kwa nini tarakimu za hesabu hiyo zinahitaji kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Chombo na mzigo wake

Majarida ya kitaaluma yalianza Ulaya mwaka 1665, yalipotokea mawili, moja Paris na jingine London. Tangu hapo hadi mwishoni mwa karne ya 20, mazungumzo ya wanazuoni yalibebwa na karatasi. Karatasi ni chombo madhubuti, lakini ni bubu. Erich von Hornbostel wa Berlin, alipoandika mwaka 1909 kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, alizisikiliza kutoka katika silinda za nta zilizonasa sauti za waimbaji. Msomaji wa jarida lake, kwa upande wake, aliletewa noti tu. Vivyo hivyo, mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi, alichapisha nyimbo za Wachaga katika jarida la Kijerumani miaka ya 1920, kisha mafunzo yao ya kimila katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Kazi za namna hiyo huhifadhi maneno vizuri. Lakini pumzi ya mwimbaji, na jinsi waitikiaji wanavyompokea, havipiti katika wino.

Solfa yenyewe ni mfano mzuri wa jambo hili. Mtindo huo ulienezwa na Mwingereza John Curwen katikati ya karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover. Kwa kuwa unatumia herufi za kawaida, unaweza kupigwa chapa kwa mashine yoyote ya kuandikia, pasipo haja ya mistari mitano na alama zake. Urahisi huo umeusaidia sana kuenea katika kwaya za Afrika Mashariki. Hata hivyo, solfa ina mipaka yake. Hueleza vizuri sauti zilizo katika ngazi ya Kizungu, lakini sauti inayoteleza kati ya ngazi mbili, au rangi ya mlio wa ngoma, huiandika kwa shida. Ni dhahiri, basi, kwamba chombo hakibebi kila mzigo; huchagua.

Jarida lisilo na karatasi

Mwezi Februari 1993, Chama cha Nadharia ya Muziki cha Marekani kilianzisha jarida liitwalo Music Theory Online. Hilo lilikuwa miongoni mwa majarida ya kwanza ya kitaaluma duniani kutolewa kwa kompyuta pekee. Ikumbukwe kwamba kituo cha utafiti cha CERN, kilicho karibu na Geneva, kiliruhusu teknolojia ya wavuti itumiwe na watu wote bila malipo tarehe 30 Aprili 1993, yaani baada ya jarida hilo kuanza. Matoleo ya mwanzo yalisafirishwa kwa barua pepe, nayo barua pepe ya wakati huo ilibeba herufi tupu. Mwandishi aliyetaka kuonyesha kipande cha muziki alilazimika kukieleza kwa herufi au kukituma katika faili la pembeni. Kwa maneno mengine, wanazuoni wenye kompyuta walikabiliwa na tatizo lile lile ambalo Curwen alikuwa amelitatua kwa herufi saba.

Polepole hali ilibadilika. Wavuti ilipoenea, jarida likaweza kuweka picha za noti, kisha sauti, kisha filamu fupi ndani ya makala. Msomaji sasa anaweza kusoma hoja na papo hapo kusikia sauti inayozungumziwa. Uhakiki nao haukulegezwa: makala husomwa kwanza na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Mada pia zimepanuka. Nadharia ya muziki wa watunzi wa kale wa Ulaya haikuachwa, lakini mwaka 2011, kwa mfano, lilitolewa toleo maalumu kuhusu muziki wa roki.

Barani Afrika kulikuwa na jarida la African Music, lililoanza Afrika Kusini mwaka 1954 chini ya Hugh Tracey, na ambalo leo linapatikana pia kwa intaneti. Kadhalika, tangu mwaka 1998 majarida mengi ya bara hili yamekusanywa katika maktaba ya mtandaoni iitwayo African Journals Online.

Kwa msomaji wa Tanzania, kuwapo kwa jarida bila malipo hakukutosha. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Makala yenye sauti, ambayo hapo awali ingechukua muda mrefu kufika, ikawa inafika kwa dakika chache, na baadaye hata katika simu ya mkononi.

Kufunguliwa si kusomwa

Jarida la karatasi huhesabu nakala zilizouzwa. Jarida la mtandaoni huhesabu maombi: kila mara kompyuta au simu inapoomba ukurasa, seva inayohifadhi jarida huandika ombi hilo katika daftari lake. Hesabu hiyo yaonekana kuwa sahihi kabisa, lakini sivyo.

Wakazi wa Kilimanjaro wanaufahamu mfongo, yaani mfereji wa asili unaochukua maji kutoka mtoni na kuyateremsha hadi kwenye vihamba. Maji yanayoingia kwenye banio si yote yanayofika kwenye mgomba. Mengine hunywewa na udongo, mengine huwa mvuke, na mengine hupotea palipobomoka. Anayetaka kujua kama migomba imenyweshwa hana budi kuteremka hadi kihambani. Ombi lililoandikwa na seva ni maji ya kwenye banio. Usomaji ni maji ya kwenye mgomba.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba makala moja imeombwa mara 1,200 katika mwezi mmoja. Ikichunguzwa, yaonekana maombi 650 yalifanywa na roboti, yaani programu zinazopita mtandaoni kukusanya kurasa kwa ajili ya mitambo ya kutafutia. Yanabaki 550. Kati ya hayo, 70 ni ya watu waliobofya mara mbili kwa haraka. Yanabaki 480. Katika 480 hayo, 200 yalifungwa kabla ya dakika moja kwisha. Yamebaki 280 tu yanayoweza kudhaniwa kuwa usomaji, ambayo ni chini ya robo ya hesabu ya kwanza.

Ili majarida yaweze kulinganishwa kwa haki, tangu mwaka 2002 kumekuwa na taasisi ya kimataifa iitwayo COUNTER inayoweka kanuni za hesabu hii. Kwa kanuni zake, maombi ya roboti huondolewa, na mibofyo miwili ya mtu mmoja kwenye makala ile ile ndani ya sekunde 30 huhesabiwa kuwa mmoja. Lakini hakuna kanuni inayoweza kuonyesha kama msomaji ameelewa.

Kosa huweza pia kuelekea upande wa pili. Shule yenye wanafunzi 40 darasani huweza kuonekana na seva kama anwani moja tu. Mwalimu akichapa nakala moja na kuibandika ukutani, au akiituma kwa simu kwa walimu wenzake, seva haitapata habari. Kwa hiyo tarakimu ile ile huweza kuzidisha wasomaji wa mahali pamoja na kuwapunguza wa mahali pengine. Mahali ambapo nakala moja hupita mikononi mwa wengi, kama zilivyo shule nyingi za Tanzania, ndipo wasomaji wanapofichika zaidi.

Wastani unaoficha

Kipimo kingine ni manukuu, yaani mara ngapi makala imetajwa na waandishi wengine. Njia iliyozoeleka ni kuchukua makala zilizotolewa na jarida kwa miaka miwili, kisha kuhesabu zilitajwa mara ngapi katika mwaka unaofuata. Ikiwa makala ni 40 na zimetajwa mara 60, wastani ni 60 ÷ 40 = 1.5.

Sasa idhaniwe kwamba makala moja peke yake ilitajwa mara 50. Makala 39 zilizobaki zinagawana manukuu 10 tu, na kwa hiyo angalau 29 kati yake hazikutajwa hata mara moja. Zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, thamani ya katikati ni sifuri. Anayesema kwamba makala za jarida hilo hutajwa mara moja na nusu hajasema uongo wa hesabu, lakini hajaeleza hali halisi. Mwanafunzi wa takwimu atatambua hapa sababu ya kutoridhika na wastani peke yake.

Nani anaandikwa?

Kuna hesabu nyingine inayogusa moja kwa moja nafasi ya Afrika katika elimu hii. Mwaka 2020 Music Theory Online lilichapisha makala ya Philip Ewell, profesa katika Chuo cha Hunter, New York. Yeye alichunguza vitabu saba vya kiada vya nadharia ya muziki vinavyotumika sana Marekani. Kati ya mifano 2,930 ya muziki iliyomo, 49 tu ilikuwa ya watunzi wasiokuwa Wazungu. Kwa asilimia:

49 ÷ 2,930 × 100 = 1.67

Makala hiyo ilizusha mjadala mkubwa; wapo walioiunga mkono na wapo walioipinga. Kwa mwanafunzi wa sayansi, jambo la kuzingatia ni njia iliyotumiwa. Mwandishi hakutosheka na kulalamika. Alichukua vitabu, akahesabu mfano mmoja mmoja, na kuweka tarakimu mezani ili yeyote aweze kuzikagua. Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya vitabu saba vya Marekani, si ya majarida wala ya dunia nzima, na isitumiwe kuthibitisha zaidi ya kile ilichopima.

Kazi iliyopo mlimani

Yote haya yana maana gani kwa shule iliyoko Marangu au Moshi mjini? Kwanza, kusoma bila malipo ni faida kubwa, lakini lugha ya Music Theory Online ni Kiingereza, na mifano yake mingi ni ya muziki ambao mwanafunzi hajausikia. Pili, msomaji asiyeandika hubaki kuwa tarakimu katika daftari la seva. Moshi si mgeni wa uchapishaji wa kitaaluma: Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, hutoa jarida lake. Muziki wa mlimani unaweza nao kuandikwa na watu wa mlimani.

Vifaa vinavyohitajika si vya ajabu. Simu ya kawaida hurekodi sauti kwa ubora ambao Hornbostel hakuupata katika nta. Darasa laweza kumwendea mzee anayejua nyimbo za zamani, kumwomba idhini, kumrekodi, na kuandika jina la wimbo, mahali na tarehe. Kisha wanafunzi wahesabu mapigo kwa dakika, waandike wimbo kwa solfa, na watie alama kila mahali ambapo solfa imeshindwa kueleza walichokisikia. Alama hizo ndizo zenye thamani kuliko zote, maana hapo ndipo nadharia iliyopo inapokosa maneno. Wazee wanaozijua nyimbo hizo hawatakuwapo siku zote, na wimbo uliokwisha kusahauliwa hauwezi kuombwa kutoka kwa seva yoyote.

Maswali ya mazoezi

1. Makala iliombwa mara 900. Roboti zilifanya maombi 480, na mibofyo iliyorudiwa ndani ya sekunde 30 ni 45. Tafuta idadi inayobaki, na uieleze kama asilimia ya maombi yote.

2. Taja sababu mbili zinazoweza kufanya idadi hiyo iwe kubwa kuliko wasomaji halisi, na mbili zinazoweza kuifanya iwe ndogo.

3. Chukua kitabu cha nyimbo kinachotumiwa na kwaya ya shule. Hesabu nyimbo zote, kisha zilizotungwa na Waafrika, na utafute asilimia. Eleza matokeo hayo yanathibitisha nini, na hayathibitishi nini.