Ukungu Haufuati Ratiba Yako, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tuongee kuhusu ukungu. Kila mvua zinapoanza huku Nakuru maswali yenu hufanana: Dada, nitajuaje kama kesho asubuhi utakuwepo, ndipo niweke alamu? Hutajua kwa hakika, na anayekuambia anajua anakudanganya. Unachoweza kujua jioni ni kama kuna dalili. Zaidi ya hapo, jipange ili ukungu usipotokea bado uwe na picha ya kupiga papo hapo ulipo.

Anza kwa kutenganisha ukungu wa bondeni na ule wa mlimani, maana hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Wa bondeni huzaliwa usiku. Mvua imenyesha mchana, jioni mbingu zimetakata, nyota zinaonekana na upepo umetulia. Ardhi inapoteza joto lake, hewa iliyoigusa inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka miinuko ya Mau na Bahati hadi sehemu za chini, kama maji yanavyotafuta mfereji. Huo ndio unaoweza kuukuta Ziwa Elementaita, kandokando ya Ziwa Nakuru, au ndani ya kreta ya Menengai. Jua likishapasha ardhi, hauna maisha.

Wa mlimani ni habari nyingine. Molo, Mau Summit na Mau Narok, unachokiita ukungu mara nyingi ni wingu lenyewe lililokaa juu ya shamba la viazi. Hewa yenye unyevu imesukumwa kupanda mteremko, ikapoa, ikageuka wingu. Hilo halitishiki upesi na jua. Hasa miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, laweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Kwa hiyo kama huna gari na unategemea matatu ya kwanza, usijitese kukimbizana na ukungu wa ziwani. Panda Molo. Mtu wa boda aliyebeba mikebe ya maziwa akitokea katikati ya weupe ule ni picha ya kutosha. Ila msalimie kwanza, umwombe ruhusa. Uso wake ni wake.

Sasa jioni. Wengi hufungua simu, wakaangalia kama kuna alama ya mvua, wakalala. Tazama upepo kwanza, kwa sababu upepo kidogo tu unatosha kuuvuruga ukungu wa bondeni. Kisha linganisha joto la alfajiri na kiwango cha joto ambapo umande huanza kujitunga. Programu nyingi za hali ya hewa huonyesha namba zote mbili. Zikikaribiana hadi digrii moja au mbili, na upepo ni mdogo, weka alamu. Halafu toka nje uguse nyasi. Zikiwa zimelowa saa tatu usiku na huku juu nyota zimejaa, mimi ningelala na viatu karibu na mlango.

Kuhusu jua, tuna bahati ambayo hatuitumii. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo mawio hayahamihami sana: mapema kabisa ni karibu saa kumi na mbili na robo, mwanzoni mwa Novemba, na kuchelewa kabisa ni karibu saa moja kasorobo, mwezi wa Februari. Nusu saa hiyo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Lango la Hifadhi ya Ziwa Nakuru hufunguliwa saa kumi na mbili. Februari una dakika arubaini na tano za kufika unapotaka kabla jua halijachomoza. Novemba, ambapo ardhi imelowa na ukungu una nafasi nzuri zaidi, una robo saa tu, na hiyo inaishia barabarani. Ikiwa unataka ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipofura, Novemba piga kambi ndani ya hifadhi, la sivyo chagua mahali pengine nje ya lango.

Tena jua letu hupanda karibu wima. Ule mwangaza wa dhahabu unaosifiwa kwenye mafunzo ya watu wa Ulaya, kwetu hukaa kama nusu saa. Fika ungali gizani, uwe umeshajua utasimama wapi.

Mahali ninapowasukuma wanaoanza ni ukingo wa Menengai. Kilele chake kinafika mita 2,278, nao mji uko kwenye mita 1,850 hivi, kwa hiyo ukungu ukitanda chini wewe uko juu yake. Ukitazama kreta uko umeelekea kaskazini, na jua linakujia kutoka kulia. Kila tuta la mawe ya volkano linapata upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Ukungu usipojaa humo, geuka. Nyuma yako kuna mji, na mbele ya mji kuna ziwa. Ndiyo maana napapenda: safari moja, picha mbili tofauti. Jambo moja la ukweli wa kazi yetu: zile nguzo nyeupe zinazopanda kutoka ndani ya kreta ni mvuke wa jotoardhi; humo kampuni ya jotoardhi ya GDC ilianza kuchimba visima mwaka 2011. Zipige, ni nzuri, lakini usiandike chini yake kwamba ni ukungu wa asubuhi.

Na usipande huko peke yako gizani. Nendeni wawili au watatu, na mtu wa boda awe mnayemjua.

Kwenye kamera, weupe huidanganya mashine: hudhani mwanga umezidi, ikakupa picha ya kijivu. Ongeza mwangaza hatua moja. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie juu ya ukingo wa mti ili fokasi isihangaike, kisha sogeza kidole juu kidogo. Rangi iweke kwenye mpangilio wa jua. Ukiacha simu iamue yenyewe, itakufutia dhahabu yote uliyoiamkia. Beba kitambaa kikavu cha lenzi, viwili ukiweza.

La mwisho ni kwa ninyi mnaolipwa. Mwenye hoteli akikuambia anataka Elementaita yenye ukungu Jumamosi, usiseme sawa. Mwombe wiki nzima, wewe uchague asubuhi kwa kuangalia jioni. Kubalianeni mapema picha ya pili ni ipi: ule mlima wanaouita Shujaa Aliyelala, ukipigwa kutoka upande wa barabara kuu jua likiwa mgongoni mwako, hauhitaji ukungu hata kidogo. Andikeni pia kwamba nauli na siku yako hulipwa hata kama anga litakuwa limetakata. Yote hayo yawe kwenye karatasi kabla hujapokea malipo ya awali, na simu ya saa tatu usiku ya kusema tunaenda au hatuendi uipige wewe.