Kinga ya ubongo wa mtoto njiti huanza kabla hajazaliwa

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Kadiri anavyozaliwa mapema zaidi, ndivyo hatari ya ubongo wake kuumia inavyoongezeka. Wengi hudhani kwamba usalama wake hutegemea mashine za gharama kubwa pekee. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga hutolewa saa chache kabla ya kuzaliwa na katika siku tatu za kwanza za uhai.

Ubongo huumiaje?

Kabla ya wiki 32, kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo huwa kuna tabaka lenye mishipa midogo ya damu yenye kuta nyembamba mno. Shinikizo la damu likipanda au kushuka ghafla, mishipa hiyo hupasuka na damu huvujia vyumbani. Mara nyingi hali hii hutokea ndani ya saa 72 za mwanzo. Aidha, sehemu nyeupe ya ubongo, yenye nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli, huweza kufa kwa kukosa damu ya kutosha au kwa sababu ya maambukizi. Madhara yake ni pamoja na mtindio wa ubongo, kichwa kujaa maji na ugumu wa kujifunza.

Vihatarishi

Vihatarishi vikuu ni maambukizi katika mfuko wa uzazi, hasa chupa inapopasuka mapema, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, baridi, upungufu wa sukari, kuongezewa maji kwa kasi kwenye mshipa, na kusafirishwa baada ya kuzaliwa.

Hatua za kinga

Mjamzito anayepata uchungu, anayetokwa na maji au damu kabla ya wakati aende kituoni mara moja. Ikiwa kituo hakina huduma ya watoto njiti na muda unaruhusu, mama apewe rufaa kabla hajajifungua: tumbo lake ni salama kuliko gari lolote.

Kati ya wiki 24 na 34, deksamethasoni miligramu 6 hudungwa kwenye msuli kila baada ya saa 12, mara nne, ikiwa umri wa mimba una uhakika, mama hana maambukizi na huduma ya mtoto ipo. Dawa hii hukomaza mapafu na kupunguza uvujaji wa damu ubongoni. Magnesiamu salfeti, ileile inayotibu kifafa cha mimba, ikitolewa kabla ya wiki 32 hupunguza mtindio wa ubongo.

Mtoto anayepumua vema asikatwe kitovu kabla ya dakika moja. Joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linashauri huduma ya kangaruu ianze mara baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi.

Baada ya kuruhusiwa

Uvujaji mdogo huweza usioneshe dalili yoyote. Hivyo kliniki isikoswe hata mtoto akionekana mzima. Degedege, utosi kuvimba, kichwa kukua haraka au viungo kukakamaa ni sababu ya kumrudisha hospitalini siku hiyohiyo. Si kila mtoto aliyevuja damu hupata ulemavu, na mazoezi yakianza mapema humsaidia.