Hongo na Takrima

Ukifika Tabora utaona miembe mikubwa ya zamani. Chini ya miti kama hiyo wapagazi walitua mizigo yao. Walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Wengine waliendelea mpaka Ujiji. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Walirudi pwani na pembe za ndovu.

Msafara haukupita bure. Ulipoingia katika nchi ya mtemi, ulitoa hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia. Ilitolewa mchana, mbele ya watu, baada ya mabishano marefu. Mtoaji alijua ananunua nini: ruhusa ya kupita. Watu wasipopatana, njia ilifungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Vikazuka vita kati yake na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora.

Leo ukisema karani amekula hongo, hakuna anayefikiria ushuru. Maneno hubadilika. Pengine watu huyabadili kwa makusudi, kama lilivyobadilishwa neno takrima.

Takrima ni ukarimu. Mgeni akifika unampa kiti, maji na ugali. Hiyo ni mila yetu, na hakuna mahakama inayoikataza. Lakini Sheria ya Uchaguzi ilikataza mgombea kuwalisha na kuwanywesha watu ili wampe kura. Mwaka 2000 Bunge liliongeza maneno. Likasema kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, si kosa. Mlango ukafunguka. Nani atapima nia njema ndani ya sufuria ya pilau?

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika mengine mawili, kilipeleka shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwezi Aprili 2006 majaji waliamua kwamba vifungu vya takrima vinapingana na Katiba. Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mgombea tajiri anaweza kuchinja ng'ombe katika kila kata. Mgombea maskini hana cha kuchinja, hata akiwa na busara nyingi. Basi sheria ile ilimpendelea tajiri.

Watu walibishana sana juu ya uamuzi huo. Wengi waliufurahia. Wengine waliguna. Labda hata wewe umesikia mzee akisema, "Mtu anakuja kutuomba kura mikono mitupu? Hana adabu?" Au mama akisema, "Miaka mitano hatumwoni. Acha nipate hiyo khanga." Usimcheke mama huyu. Amechoka kuahidiwa kisima. Lakini tufanye hesabu yake. Miaka mitano ni zaidi ya siku 1,800. Khanga moja itachakaa mapema, naye bado anachota maji mbali.

Tena, kwa mila zetu mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Katika kampeni mgeni ndiye anayemlisha mwenyeji! Akishakulipa kwa chumvi na sukari, utamwulizaje habari za zahanati? Atasema mmekwisha malizana.

Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo iliweka kikomo cha fedha za kampeni, na ikakataza zawadi za kuvuta kura. Ubishi haukwisha. Hapa hapa mkoani Tabora, mwezi Agosti 2012, Mahakama Kuu ilitengua matokeo ya uchaguzi mdogo wa Igunga uliofanyika mwaka 2011. Kati ya mambo yaliyobishaniwa ni mahindi ya msaada na ahadi ya daraja la Mbutu. Baadaye Mahakama ya Rufani iliyarudisha matokeo yale. Mahindi ya njaa ni haki ya mwenye njaa siku yoyote. Kazi ngumu ni kuamua inakuwaje yanapogawiwa wakati wa kampeni.

Maswali ya kujadili darasani

Hongo ya msafara na hongo ya leo zinatofautianaje?

Mgombea ni mtoto wa kijiji chenu. Kuna msiba, naye analeta gunia la mchele mwezi mmoja kabla ya kura. Je, hiyo ni takrima au hongo? Ungepokea?